Kuluzu Hana Pengine pa Kuhamia

UPEPO WA KUSI
Na Mwanasha Mwagandi

Mwezi wa Mei, masika yakishika, Diani hupoa. Hoteli kadhaa hufunga milango kwa ukarabati, mabichi boi hurudi makwao Ukunda na Mwabungo, na ile barabara ya ufuoni ambayo Desemba haivukiki kwa matatu, tuktuk na bodaboda, unaivuka huku ukihesabu chenji yako. Huu ndio wakati mzuri wa kuwatazama kuluzu. Hakuna honi, hakuna muziki wa kwenye mabwawa ya kuogelea, na wao wenyewe, manyoya yakiwa yamelowa, hawana haraka ya kuuacha mti waliolala juu yake.

Wasomaji wengi wanamjua kwa jina la mbega. Mwili mweusi, manyoya marefu meupe yanayoning'inia mabegani na kuzunguka uso, na mkia mrefu unaoishia kwa weupe. Wale wa Karura na Mlima Kenya ni aina nyingine. Huyu wetu vitabuni anaitwa mbega wa Angola, na katika Kenya nzima makao yake ni huku Kwale: Milima ya Shimba, Diani, makaya ya Wadigo, misitu ya Buda, Gogoni na Mrima, hadi kule Shimoni. Ukivuka Lunga Lunga utaendelea kumkuta katika misitu ya Tanzania. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemtia katika orodha ya wanyama walio hatarini. Mtoto wa Gazi au Msambweni, kwa hivyo, ana jirani ambaye watoto wengi wa nchi hii hawatamwona isipokuwa wafunge safari.

Juzi Jumanne nilishinda katika kituo cha Colobus Conservation, pale Diani. Kituo hiki kilianzishwa mwaka 1997 kwa jina la Wakuluzu, na watu waliochoshwa na kuokota mizoga ya mbega barabarani. Si bustani ya wanyama. Vizimba vilivyopo ni vya wagonjwa na mayatima wanaouguzwa hadi warudishwe msituni, na mgeni haruhusiwi kumshika mnyama wala kumlisha. Anayekuja kuangalia huangalia juu, mitini, na wanaoangaliwa wako huru kuondoka wakitaka.

Hawakuondoka. Familia moja ilikuwa kwenye mbuyu ulio na majani mapya. Jike mmoja alikaa penye panda ya tawi, akavuta kitawi kwake, akachagua. Jani la mbuyu limegawanyika vipande vitano au zaidi mfano wa kiganja, na yeye aliyaacha yale mapana yaliyokomaa, akachuma yale madogo ya nchani, ambayo bado yanang'aa. Alikula kipande kimoja kimoja, kikonyo akakitupa. Mkono wake hauna dole gumba, pamebaki kijinundu tu, na vidole vinne virefu vinafanya kazi ya kulabu. Kwa mnyama anayeishi kwa kurukia matawi, dole gumba lingekuwa la kukwama. Nilimtazama akivuta kitawi kile kile tena na tena bila kukivunja, mpaka majani machanga yakaisha, ndipo akakiachilia kikarudi juu na kunyunyiza maji ya mvua.

Kifuani pake palikuwa na mtoto. Watoto wa kuluzu huzaliwa weupe kabisa, uso wa waridi, na huchukua miezi mitatu hivi kugeuka rangi ya wazazi. Huyu alikuwa bado mweupe. Jike mwingine, mdogo kwa umbo, alisogea, akanyoosha mkono, akamchukua. Mtoto akalia kwa sauti nyembamba. Mama alitazama mara moja, akaendelea kula. Baada ya muda akaja wa tatu kumpokea. Katika familia ya kuluzu mtoto hulelewa na majike wote, na yule msichana asiyewahi kuzaa hujifunza ulezi kwa mtoto wa mwenzake. Mabibi zetu wa Kinondo na Mwaembe wataelewa jambo hili bila kuelezwa.

Kisha wakalala. Dume akajinyoosha kifudifudi juu ya tawi, miguu ikaning'inia huku na huku, na hapakutokea jambo kwa muda mrefu sana. Familia moja iliyotoka Mombasa ilifika wakati huo, na kijana wao mdogo akauliza mbona hawafanyi kitu. Mtembeza wageni akamjibu kwa upole, "Anafanya kazi, babu. Anasaga chakula." Lilikuwa jibu sahihi. Tumbo la kuluzu lina vyumba, kama la ng'ombe, na ndani yake mnaishi vijidudu vinavyochachusha majani hadi yatoe nguvu. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na majani yenyewe hayana nguvu nyingi ya kutoa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mchana anaonekana amelala.

Tumbo hilo ndilo linalomfunga na mahali pake. Kima na tumbili wanaweza kuishi kwa maembe, mahindi, makombo ya hoteli na chochote mwanadamu anachoacha. Kuluzu hawezi. Matunda mabivu yenye sukari, mkate, biskuti, vitu hivyo humchachia tumboni, vikamjaza gesi na tindikali, na vinaweza kumuua. Anahitaji majani machanga, mbegu na matunda mabichi, ya miti mingi tofauti, na miti hiyo lazima iwe imeshikana ili apite juu kwa juu, kwa sababu chini si kwao. Ndiyo maana pia ni mgumu kufugwa. Mtoto wa kuluzu aliyeachwa yatima ni miongoni mwa mayatima wagumu kuokoa kituoni, maana maziwa ya chupa hayampi vile vijidudu ambavyo tumbo lake linavitaka.

Nayasema haya kwa sababu nimesikia watu wenye nia njema wakipendekeza kwamba, misitu ikiisha Diani, basi kuluzu wakusanywe wapelekwe Milima ya Shimba, au wajengewe bustani yao ya wanyama kule Bamburi wakae salama. Kila familia ina eneo lake inalolijua mti kwa mti, na msitu wa Shimba una wenyewe tayari. Huwezi kumimina familia ngeni katikati ya nyingine ukasema umeokoa wanyama. Bustani nazo zina faida yake. Haller Park ya huko Bamburi ilifufuliwa kutoka kwenye machimbo ya saruji, na watoto wengi wa Pwani wamemwona kiboko kwa mara ya kwanza pale. Lakini mnyama anayeishi kwa kuchagua jani moja moja kwenye msitu wa mawe ya matumbawe anatakiwa aachwe kwenye msitu huo, na msitu huo uachwe ukiwa msitu.

Hapo ndipo tunapokosea Diani, na si kwa siri.

Barabara ya ufuoni imeukata msitu mapande mawili, upande wa bahari na upande wa bara. Zamani matawi yalikutana juu yake. Yalipokatwa, kuluzu akalazimika kushuka chini, na kwenye lami ni mzito na mwenye hofu, anaruka-ruka huku akigeuza shingo. Magari yaliwamaliza. Kituo kikaanza kutundika madaraja, ngazi zilizolazwa hewani juu ya barabara, zimefungwa upande wa huku na upande wa kule, na leo yako zaidi ya ishirini. Ukiendesha gari polepole utaona kima akipita, mara nyingine familia nzima ya kuluzu kwa msururu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba madaraja haya yamesaidia aina tatu kati ya nne za nyani na kima wanaoishi pale, na kwa gharama ndogo. Nyani wa kawaida ndiye anayeendelea kupita chini.

Nayasifu madaraja hayo kwa moyo wangu wote. Lakini daraja lataka mti huku na mti kule. Kuluzu akishavuka anahitaji tawi la kwenda mbele, na tawi hilo liko kwenye kiwanja cha mtu.

Vivyo hivyo kwa nyaya za umeme. Panapokosekana tawi, waya ndio unaofanana na tawi. Kuluzu huushika kwa mkono, na mkono mwingine, au ule mkia mrefu, ukigusa waya wa pili, basi. Kumbukumbu zilizowekwa Diani kati ya 1998 na 2016 zinaonyesha kwamba katika nyani na kima wote waliopigwa na umeme, kuluzu ndio wengi kuliko aina nyingine yoyote. Wengine hufa papo hapo. Wengine huishi siku kadhaa na mkono uliochomeka hadi mfupani. Kituo kimekuwa kikishirikiana na Kenya Power kupunguza matawi karibu na nyaya na kufunika nyaya zilizo wazi, na watafiti wameshaonyesha ni sehemu zipi zinazoua zaidi. Nyaya za sehemu hizo zifunikwe zote, na zifunikwe kwanza, kabla ya taa nyingine ya mapambo kuwekwa kwenye barabara ya ufuoni.

Sasa viwanja. Mtu akinunua kiwanja Diani, jambo la kwanza analoambiwa na wakala ni kwamba "kitasafishwa". Tingatinga linaingia asubuhi, na jioni pamebaki mchanga mwekundu na mawe. Mara nyingi mbuyu mkubwa huachwa, kwa sababu unapendeza kwenye picha na kwa sababu wazee waliwaonya kuhusu mbuyu. Miti ya katikati, ile myembamba yenye matawi ya kushikana, ile ambayo hakuna anayejua jina lake isipokuwa mganga na kuluzu, hiyo ndiyo huondolewa yote. Kisha ukuta, nyasi za kumwagilia maji, mabogenvilia pembeni na minazi mifupi ya mapambo. Mwenye nyumba anasema amehifadhi mazingira, mbuyu si huu hapa? Lakini mbuyu uliosimama peke yake katikati ya nyasi hakuna njia ya kuufikia. Familia iliyokuwa ikilala juu yake ama inashuka chini na kukutana na mbwa, ama inapita kwenye waya.

Najua hoja ya upande wa pili na naiheshimu. Kiwanja kina hati, mwenye hati ana haki. Ujenzi unaleta kazi, na vijana wa Bongwe na Ukunda wanaobeba mawe na kuchanganya zege wanalisha familia. Sijasema watu wasijenge. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya kupanga matumizi ya ardhi, na sheria ya mipango ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kiwanja apate idhini ya kaunti kabla ya kujenga. NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo hudai ripoti ya athari za mazingira kwa miradi mikubwa. Milango hiyo miwili ipo tayari, na kila ramani ya Diani lazima ipite hapo. Ninachoomba ni kwamba ramani inapofika mezani pale Kwale mjini, iwe imeonyesha miti iliyopo, na afisa aulize matawi ya kiwanja hiki yanakutana wapi na ya jirani. Ukanda wa miti wa mita chache nyuma ya ukuta, unaoendelea kutoka kiwanja hadi kiwanja, hauzuii nyumba ya mtu yeyote kujengwa. Mchora ramani hodari ataupata. Anaupata wa bwawa la kuogelea.

Na pasidhaniwe kwamba kutunza msitu katikati ya watu ni wazo la wageni. Nenda Kaya Kinondo, mwendo mfupi tu kusini mwa hoteli. Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, utaambiwa usichukue hata jani, na utapita kati ya miti ambayo imekuwa hapo kabla ya babu wa babu zetu. Wazee wa kaya hawakuwa na seng'enge wala askari. Walikuwa na miiko, na miiko ilishikwa. Makaya kadhaa yaliwekwa chini ya ulinzi wa sheria kama turathi za taifa kuanzia mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya ya Mijikenda, Kinondo ikiwa mojawapo, katika urithi wa dunia. Kuluzu wako mle ndani. Wako pale kwa sababu Wadigo walikataza shoka. Kila hoteli inayouza picha ya kuluzu kwenye matangazo yake inafaidi kazi ya wazee hao, na wengi wao wamefariki bila kuonja senti ya watalii.

Suala la nani anafaidi lina uzito wake. Mkulima wa Msambweni ambaye mahindi yake yamemalizwa na nyani na kima kabla ya kuiva hana sababu ya kufurahia hotuba yangu, na asiambiwe kwamba hasara yake ni ndogo. Wenzetu wa Unguja walipitia haya. Kima punju, mbega mwekundu anayepatikana Zanzibar peke yake, aliingia kwenye mashamba yanayopakana na msitu wa Jozani, na wakulima wakalalamika kwamba anamaliza nazi changa. Watafiti wakaenda kuhesabu, na mwaka 1999 wakachapisha walichokiona: minazi ambayo kima punju walikula zaidi nazi changa haikupungua mavuno, bali yaliongezeka, pengine kwa sababu mnazi ulipunguziwa mzigo ukanenepesha nazi zilizobaki. Hata hivyo hawakuishia kuwasomea wakulima utafiti. Sehemu ya viingilio vya watalii ilielekezwa kwa wakulima na vijiji, na matuta yaliwekwa kwenye barabara inayopita kando ya msitu, vifo vya kima punju kwa magari vikapungua. Hesabu iliyochapishwa 2019 ilipata zaidi ya wanyama 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Diani tuna matuta mangapi penye vivuko vya kuluzu? Na kiingilio cha mtalii kinamfikia nani Bongwe?

Tana River nako kunatufundisha kwa uchungu. Hifadhi ya nyani ilitangazwa pale mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na jamaa yake, yule kima wa mto anayeitwa mangabe, ambao hawapo popote pengine duniani. Leo wote wawili wako katika hatari kubwa kabisa, kwa maana misitu ya kando ya mto imeendelea kukatika huku hifadhi ikibaki kwenye ramani. Watu wa pale hawakuhisi kwamba hifadhi ni yao.

Kuhusu kulisha, nitasema kwa ufupi. Mgeni anayempa kima mkate kwenye meza ya hoteli anamfundisha kima kupora, na kesho yake anayepigwa mawe ni kima. Wahudumu wanajua hili na wanaogopa kumkataza mgeni anayelipa. Wenye hoteli wawape ruhusa ya kumkataza, kwa maandishi.

Zaidi ya yote ningependa kuona mabasi ya shule. Kila muhula, shule zetu za Matuga, Lunga Lunga na Msambweni hukusanya pesa za wazazi kupeleka watoto Mombasa, wengine hadi Nairobi, kutazama simba aliyelala nyuma ya waya. Kituo cha kuluzu kiko mwendo wa matatu moja tu kutoka Ukunda. Siku ile ya Jumanne, zaidi ya familia ile ya Mombasa, tulikuwa mimi na wageni wawili wa kizungu waliovaa makoti ya mvua. Hakuwapo hata mtoto mmoja wa Kwale. Naiomba idara ya elimu ya kaunti ikae na kituo, wakubaliane siku za wanafunzi katika miezi hii ya mvua ambayo watalii hawapo na watembezaji wana nafasi, na kaunti itoe basi na mafuta. Mtoto aliyekaa chini ya mbuyu saa nzima akaona mtoto mweupe akipokezanwa mikononi mwa mama watatu, ndiye atakayekuwa afisa wa mipango hapa Kwale miaka ishirini ijayo, au fundi wa umeme, au mwenye kiwanja.

Bunge la kaunti linakaribia kujadili bajeti. Waheshimiwa wa Ukunda, Kinondo na Gombato Bongwe mnaishi na kuluzu juu ya mapaa yenu. Wapiga kura wenu wakiwapigia simu kuhusu matuta, nyaya na ramani za viwanja, msiwaambie ni kazi ya KWS, shirika la wanyamapori. Kupitisha ramani ni kazi ya kaunti.